Chumba cha Ndani katika Kanisa la Wahindi

Watu wa kituo kile kidogo kando ya reli, kati ya Fort Ternan na Kipkelion, hawakuwahi kuliita jengo lile hekalu. Waliliita kanisa la Wahindi, na yule aliyelitunza wakamwita Maraji, ingawa jina lililoandikwa kwenye kitambulisho chake lilikuwa Bhanuprasad Raval. Babu yake alishuka pale kutoka kwenye garimoshi akiwa na sanduku la bati, vitabu vitatu, na sanamu ya Krishna ya jiwe jeusi iliyofungwa katika blanketi. Alimjengea mungu wake nyumba kabla ya kujijengea mwenyewe. Kutoka kwake utumishi ulimwendea mwanawe, na kutoka kwa mwanawe ukamfikia Bhanuprasad, kwa maana kazi ile haikuombwa wala haikupigiwa kura. Ilirithiwa kama vile mtu anavyorithi pua ya baba yake.

Zamani hizo palikuwa na familia ishirini na mbili za Kihindi kituoni, na kila moja ilimhitaji mtu wa ukoo wa Raval tangu kuzaliwa hadi kuchomwa. Yeye ndiye aliyempa mtoto jina, aliyetaja siku njema ya arusi, aliyewapatanisha ndugu waliogombania duka, na aliyesimama kando ya kuni za mikaratusi wakati mwana mkubwa akimwashia baba yake moto wa mwisho. Kisha watoto wakaenda Nairobi, wakaenda Uingereza na Kanada, na wazazi wakawafuata. Maduka yakanunuliwa na Wakipsigis na Wakisii, na baraza zilizokuwa na magunia ya dengu zikajaa mbolea na viatu vya plastiki. Mwishowe akabaki Maraji na mkewe, na miaka sita iliyopita mkewe naye akachomwa kando ya mto.

Ajabu ni kwamba kazi yake haikupungua. Majirani ambao hawakuwa na haja na mungu wake walikuwa na haja naye. Kengele aliyoipiga alfajiri kumwamsha Krishna ndiyo iliyowaamsha wanawake wapandao mlimani kuchuma chai. Tangi lake halikuwa na kufuli wakati wa kiangazi. Aliwaandikia wazee barua za pensheni kwa mwandiko ulionyooka kama reli. Walipogombania mipaka, walikuja kuketi kwenye ngazi zake, kwa sababu hakuwa Mkipsigis wala Mkisii, na neno lake halikuwa na shamba nyuma yake.

Lakini heshima yake iliyo kuu ilitoka katika siku moja ya Januari, mwaka 2008, nchi ilipopasuka baada ya uchaguzi. Wakisii wa kituoni walikimbilia kwake, watu thelathini na tisa, wengi wao wanawake na watoto, naye akawaingiza katika ukumbi wa hekalu. Vijana wenye pinde walipokuja, alisimama langoni akiwa kifua wazi, uzi mweupe wa ukuhani begani, akawaambia wampitie yeye kwanza. Wengi waliona haya. Wawili hawakuona, mmoja wao akiwa Kiptum, mpwa wa Kipkosgei mwenye duka la pembejeo. Hao wakampita, wakakuta chini ya mkeka kijana mmoja aliyeitwa Nyagaka, wakamburuta hadi kwenye ngazi, na hapo akafa. Wale thelathini na wanane wakapona. Tangu siku hiyo, kila penye mkutano wa amani Maraji alipewa kiti cha mbele, na mama yake Nyagaka, Nyambeki, humwombea katika kanisa lake la Kisabato kila Jumamosi.

Wote walijua hayo. Jambo moja walilijua Maraji na nyumba ya Nyambeki tu, na nusu yake Maraji alilijua peke yake.

Nyuma ya ukumbi ule kulikuwa na mlango wa chuma, na nyuma ya mlango huo chumba cha mungu. Sheria ya ukoo ilikuwa kwamba hakiingiwi na mtu mwingine isipokuwa mwanamume wa Raval aliyeoga na kufunga. Siku ile Nyagaka, mguu ukimvuja damu, aliuonyesha mlango kwa kidole na kusema, "Mzee, nifiche huko." Damu ni najisi kuliko najisi zote. Maraji akamjibu, mama yake akisikia, "Huko hakuna nafasi, mwanangu. Ni kishimo tu cha kuwekea sanamu, kama kabati." Nyagaka akaenda chini ya mkeka. Nyambeki akaamini, na miaka kumi na sita haikumpa sababu ya kutoamini, kwa maana hapakuwa na mtu mwingine aliyewahi kuona ndani.

Kiharusi kilimpata Maraji mwezi wa nne. Mdomo ulirudi, mguu ukarudi nusu, ila mkono wa kulia ulikufa kabisa, ukaning'inia kama mkono wa shati. Mtu mwingine angeshukuru kwamba anao wa kushoto. Lakini mkono wa kushoto ndio wa chooni; haumlishi mungu wala haumwogeshi. Kila asubuhi Maraji aliushika mkono mfu kwa ule mzima, akaunyanyua pamoja na kijiko cha maziwa, akakifikisha kwenye midomo ya jiwe nusu ya maziwa ikiwa imemwagika. Alijua kwamba hayo si utumishi bali ni maigizo yake.

Hemal, mwanawe wa pekee, ambaye ni mhasibu Leicester, alimpigia simu.

"Baba, nimekwisha kukata tiketi. Jumamosi gari litakuja kukupeleka Kisumu, na kutoka Kisumu utaruka."

"Na Thakorji?" Ndivyo walivyomwita mungu wao nyumbani.

"Wape watu wa hekalu la mjini."

Aliwapigia hao nao. Mwenyekiti wao alimjibu kwa upole kwamba watampokea bila shaka, ila madhabahu yao imejaa. Tayari wana sanamu nne kutoka vituo vilivyofungwa, zimehifadhiwa stoo, zimefunikwa turubai. Maraji alishukuru, akakata simu. Mungu aliyepuliziwa uhai hawekwi stoo. Huamshwa, huogeshwa, hulishwa, hulazwa. Kumwacha nyuma ya mlango uliofungwa ni kumfungia mtoto nyumbani na kusafiri. Kama hakuna wa kumtumikia, sheria inaruhusu jambo moja tu: mtumishi wa mwisho amwombe aondoke katika jiwe, kisha jiwe likabidhiwe maji yaendayo. Hilo aliweza kulifanya kwa maneno. Lakini sanamu ilikuwa na uzito wa mfuko wa saruji, na babu yake alikuwa ameijengea chini kwa chokaa. Ilihitaji fundi.

Fundi wa kituo alikuwa mmoja, na jina lake lilikuwa Ondieki. Alikuwa ndugu mkubwa wa Nyagaka, aliyekuwa akijenga Narok siku zile za Januari.

Maraji alimwita kwanza fundi wa mbali, kutoka Muhoroni, mtu asiyejua chochote. Huyo alikuja Jumatano, akafika ukumbini, akauliza jiwe lenyewe ni la nini. Alipoelezwa, alizifunga tena patasi zake ndani ya gunia. "Mzee, nilidhani ni kaburi," akasema. "Mizimu ya watu mimi sigusi. Hata ungeniongeza." Akaondoka bila kunywa chai.

Janeffer, mjane wa Kikipsigis aliyeufagia ukumbi ule kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa akimtazama akiwa ameegemea fagio.

"Si umwite tu Ondieki," akasema. "Ama unaogopa atakataa? Huyo hawezi kukukatalia kitu, Mzee. Wewe ni kama baba yake."

"Najua."

"Basi nimwite?"

Maraji aliutazama ule mlango wa chuma. Alijua ajabu ya jambo lenyewe: akiacha mlango umefungwa, jina lake litabaki safi kituoni hata baada ya kufa kwake, na mungu wake ataoza kwa njaa gizani. Akiufungua, fundi atakiona chumba. Mafundi hawahitaji kamba ya kupimia. Hupima kwa macho.

"Hapana," akasema hatimaye. "Nitakwenda mwenyewe."

Alimkuta Ondieki akipiga lipu ukuta wa bucha mpya, mtu mpana, suruali imekauka simiti hadi magotini. Maraji alisimama mbali kidogo, kama ilivyompasa mtu asiyekula nyama mbele ya bucha.

"Omogaka!" Ondieki alimwita mzee kwa Kikisii, kwa sauti, na vibarua wake wakacheka mapema. "Leo umechoka na dengu? Tukupimie matumbo nusu kilo?"

"Mnipimie na kichwa kabisa," Maraji akajibu, na kicheko kikaongezeka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ondieki, nina kazi ya fundi. Kule ndani."

Ondieki aliacha mwiko ndani ya karai. "Ndani wapi?"

"Ndani kwenyewe."

"Si ulisema hakuingiliki?"

"Kesho utaingia. Oga kabla ya kuja, na usile asubuhi. Hilo tu ndilo ninalokuomba."

Alhamisi asubuhi Ondieki alikuja ameoga, nywele zina maji, mfuko wa vyombo mkononi. Janeffer alibaki nje kwa hiari yake. Alikwisha kumweleza mzee kwamba yeye hufagia kwa ajili ya mwanadamu, na mahali pa sanamu hapakanyagi, asije akamkosea Yesu wake. Maraji aligeuza ufunguo kwa mkono wa kushoto. Mlango ulikuwa mzito, unene wake wa vidole viwili, kwa sababu babu yake alitaka chumba kisichovunjika siku za wezi wa reli. Ulifunguka ndani, na taa ya samli ikaonyesha kila kitu.

Chumba kilikuwa na hatua tano kwa nne. Sanamu ilisimama kwenye ukuta wa mbali, ndogo, imevikwa hariri ya manjano. Sakafu yote iliyobaki ilikuwa tupu, safi, iking'aa.

Ondieki hakuuangalia uso wa mungu hata mara moja. Aliangalia pembe moja, akaangalia nyingine. Aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akausikiliza. Aliurudia mlango, akapima unene wake kwa dole gumba, akatazama komeo lililokuwa upande wa ndani.

"Hiki," akasema, "kinaingia watu ishirini wakiwa wamesimama. Wakibanana, thelathini."

Akamgeukia Maraji.

"Wewe ulimwambia mama ni kama kabati."

"Nilimwambia."

"Ulijua?"

"Nilikuwa nimekitumikia miaka arobaini, Ondieki. Nilijua."

"Kwa nini, basi? Ndugu yangu alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Mguu wake ulikuwa na damu." Maraji alisikia jinsi maneno hayo yalivyo madogo, akayamaliza hata hivyo. "Sheria ya baba zangu ilikuwa kwamba damu isiingie hapa. Niliona kwamba nina nafasi ya kuwazuia langoni, nikadhani sitalazimika kuchagua. Nilichagua."

Ondieki aliuweka mfuko wake chini. Kisha alipiga magoti, akatoa patasi na nyundo ndogo, akaanza kuikata chokaa kuizunguka sanamu. Alikata taratibu, kama afanyavyo siku zote, bila kulichubua jiwe hata kidogo, na Maraji angependa afadhali amtukane. Kazi ilichukua karibu saa mbili. Jiwe lilipoanza kutikisika, Maraji aliomba asubiri. Aliushika mkono mfu, akauchovya katika maji ya mto pamoja na jani la mrehani, akanyunyiza mara tatu, akasema maneno aliyofundishwa na baba yake akiwa mtoto, maneno ambayo mtumishi hujifunza akitumaini hatayasema kamwe. Alimshukuru mgeni. Alimwomba radhi kwa chakula kilichomwagika. Akamwambia aende.

Alipomaliza, lililobaki lilikuwa jiwe tu.

Ondieki alilibeba begani, limefungwa kwa shuka, wakateremka njia ya reli hadi kwenye mto, yeye mbele, mzee nyuma na fimbo yake. Watu waliokuwa mashambani walidhani ni mfuko wa simiti, wakasalimu na kuendelea na kazi. Chini ya daraja, mahali penye kina, Ondieki aliingia majini hadi kifuani, akalishusha jiwe kwa mikono yote miwili, polepole, kama anavyoshushwa mtu. Maji yalilifunika. Maraji aliinamisha kichwa ukingoni, akangoja kitu fulani kimpate, huzuni au amani, na kilichompata ni baridi.

Ondieki alitoka, akakamua shati.

"Kazi ya fundi nimeimaliza," akasema. "Jumamosi wanakuaga. Mama atakuwepo akitoka kanisani, anakuletea ndizi. Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe, tena mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndiko ulikosifiwa."

"Na nisipoweza?"

"Utaweza. Mdomo wako ulipona." Akachukua vyombo vyake, akaenda zake.

Jumamosi ilikuwa na jua. Viti vya plastiki vilipangwa mbele ya ngazi za hekalu, na Kiptum, ambaye siku hizi hukodisha spika na mahema, ndiye aliyeleta kipaza sauti, bila malipo. Wazee walimvika Maraji blanketi mabegani. Walimpa kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandisha, naye akakipokea kwa mkono wa kushoto, na kila mtu akamsamehe. Nyambeki aliketi safu ya kwanza, mdogo, mkavu, kitambaa cheupe kichwani na mkungu wa ndizi miguuni pake. Ondieki alisimama nyuma yake. Gari la Kisumu lilikuwa tayari limefika, dereva akiwa ndani.

Kipkosgei, kwa kuwa ni mzee wa kanisa na ndiye msemaji wa shughuli zote, alishika kipaza sauti.

"Boiyot," alisema, yaani mzee wetu, "wewe hukuja na mungu wetu, lakini ulikuja na moyo wetu. Watu thelathini na wanane wanapumua kwa sababu yako. Tutawaambia watoto: pale palikuwa na mtu. Wapi makofi?"

Makofi yalipigwa. Maraji alisaidiwa kusimama. Alimtafuta Nyambeki kwa macho, akamwona akitabasamu, na tabasamu hilo nusura limrudishe kitini.

"Walikuwa thelathini na tisa," akasema. Sauti yake ilikuwa ya polepole, lakini wazi. "Nyagaka aliniomba nimfiche katika chumba cha ndani. Nilimwambia hakina nafasi. Nilisema uongo. Kilikuwa na nafasi. Kilikuwa na mlango wa chuma wenye komeo kwa ndani. Nilikataa kwa sababu alikuwa akitoka damu, na nilimwogopa mungu wangu kuliko nilivyomhurumia yeye."

Spika ilitoa mlio mwembamba.

Nyambeki aliinuka. Hakulia. "Kilikuwa kinatosha?" akauliza, kama mtu anayeuliza bei mara ya pili kwa kuwa hakuamini ya kwanza.

"Kilitosha, mama. Hata wewe ungeingia pamoja naye."

"Nilikuwa nimemshika mkono," Nyambeki akasema. "Nilimwachilia aende chini ya mkeka, kwa sababu ulisema ni kabati."

"Ndiyo."

"Aliyemtoa..." akaanza, na macho yake yakaanza kuzunguka viti, kimoja kimoja.

Hapo Kipkosgei akakiwahi kipaza sauti. "Jamani, jamani. Mzee wetu ni mgonjwa. Mnajua huu ugonjwa unavyochanganya kichwa. Mambo ya mwaka ule tulikwisha kuyazika na maaskofu wakaombea. Leo si siku ya kufukua. Kiptum, hebu weka wimbo."

"Sijachanganyikiwa," Maraji akasema, lakini kipaza sauti hakikuwa tena mbele yake, na Kiptum alikuwa ameinama juu ya mashine akiongeza sauti. Wimbo wa injili ukafurika. Watu walitazama chini, wakatazama simu zao. Wapo waliopiga makofi kwa kufuata wimbo, wa kwanza wao wakiwa wale waliokuwa langoni na pinde siku ile na ambao kwa miaka kumi na sita walikuwa wamejificha nyuma ya wema wa mzee mmoja. Maraji aliwaona wote, akawaelewa. Hawakuwa na haja na kweli yake, kwa maana ingewafikia na wao.

Nyambeki hakungoja wimbo uishe. Ondieki alimshika bega, wakatoka kati ya viti bila kuaga, yeye na mamaye, wakashika njia ya juu. Ndizi zilibaki chini.

Kipkosgei alifunga kwa maombi marefu. Kisha watu wakapita wakimpa Maraji mkono, mmoja mmoja, wakimtakia safari njema, wakiongea juu ya hali ya hewa ya Uingereza. Hapana hata mmoja aliyetaja jambo lililosemwa. Walimwacha na heshima yake yote, na ilikuwa nzito kuliko blanketi.

Janeffer alikuwa wa mwisho. Alileta chupa ya chai na mkate uliofungwa kwa kitambaa, akaviweka kwenye kiti cha nyuma, karibu na sanduku. Mlango wa gari ulikuwa wazi bado.

"Ulisema kweli, ama ni ugonjwa?"

"Kweli."

"Mimi siku ile nilikuwa nyumbani kwangu, nimejifungia," akasema. "Nilisikia Nyagaka akipiga kelele. Nikaongeza redio." Aliusogeza mkate ndani zaidi ya kiti. "Hujawahi kuniuliza nilikuwa wapi."

"Niliogopa utaniuliza na mimi."

Janeffer alitikisa kichwa, wala hakumpa mkono. Alimwambia dereva aende pole pole, kwa sababu mzee huumwa mguu barabara ikiwa mbaya, kisha akaufunga mlango wa gari na kuanza kukusanya viti.